Ndoo chini ya maegesho ya orofani

Mhariri,

Liko jengo moja katikati ya mji wa Nakuru ambako nimekuwa nikiegesha Probox yangu kwa miaka kadhaa. Chini ni maduka ya spea na stoo, juu ni orofa mbili za magari, na juu kabisa wamo vijana wa kuosha magari pamoja na matangi yao ya maji. Kwenye kijia cha kuelekea ngazi pana ndoo ya rangi, ile ya lita ishirini, iliyowekwa chini ya ufa wa dari. Mvua inyeshe isinyeshe, ndoo hiyo hupata maji. Watu huiruka tu kama wanavyoruka mtaro.

Nilikuwa foromani wa mjengo kabla magoti hayajanikatalia, kwa hiyo macho yangu hayakubali kupita hivi hivi. Pembeni mwa ufa ule pana kitu cheupe kilichoganda kikaning'inia kama nta ya mshumaa. Hiyo ni chokaa, inatolewa na maji yanayopenya kwenye zege. Hatua mbili mbele pana mchirizi wa kahawia, nao ni kutu ya nondo. Zege likiwa zima huilinda nondo isiliwe na kutu. Maji yakishaifikia, kutu huanza, na kutu huvimba: huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichokuwepo. Basi zege linasukumwa kutoka ndani mpaka linabanduka vipande. Mwenye jengo akiona hivyo huita fundi apige plasta na rangi. Nakiri nami nimewahi kupiga plasta ya namna hiyo nikiwa kijana, kwa sababu tajiri alitaka papendeze kabla mpangaji mpya hajaja kutazama. Ufa ulibaki pale pale, ila haukuonekana tena.

Yaliyotokea Elliot Lake, mji mdogo wa Kanada, yanafanana mno na haya. Lilikuwa jengo la maduka lililofunguliwa mwaka 1980, magari yakiegeshwa juu ya paa lake. Paa lilivuja tangu siku za mwanzo, likavuja kwa zaidi ya miaka 30, huku maji yakila chuma kilichobeba slabu, yaani sakafu ya zege. Tarehe 23 Juni 2012 kipande cha maegesho hayo kikaporomoka hadi ndani ya maduka na kuua wanawake wawili. Linalonikera zaidi ni kwamba miezi miwili hivi kabla ya hapo mhandisi alikuwa amelikagua jengo hilo na kuandika kwamba liko salama. Kwa hiyo mtu asinipungie karatasi iliyofungiwa kwenye droo ya meneja na kudhani amenijibu.

New York nao wana lao. Tarehe 18 Aprili 2023, maegesho ya orofa nne katika mtaa wa Ann, Manhattan, yaliporomoka magari yakiwa juu, na meneja wa hapo akafa. Jengo lilianzia miaka ya 1920, wakati gari la Ford Model T halikufika hata kilo 800. Kasoro za zege zilizoandikwa na wakaguzi mwaka 2003 zilikuwa bado hazijaandikwa kuwa zimerekebishwa katika rekodi za jiji. Na sheria ya ukaguzi wa maegesho kila baada ya miaka 6 ilikuwa imeshaanza kutumika. Eneo lile lilikuwa limepewa hadi mwisho wa 2023 kuleta ripoti. Jengo halikungoja.

Sasa nije kwa uzito, maana hapo ndipo mji wetu unapojidanganya. Wahandisi wetu wengi walifuata vipimo vya Waingereza: slabu ya kuegesha magari madogo huchorwa kubeba kilo 250 hivi kwa kila mita mraba. Probox ni kama tani moja na kitu kidogo. Prado inapita tani mbili. Kila gari likiwa kwenye kisanduku chake cha mistari, hesabu bado inakubali. Lakini saa nne asubuhi katika jengo letu hakuna visanduku. Kijana wa funguo anayapanga bampa kwa bampa, hata kwenye njia ya kupitia. Nilimuuliza mwisho ni magari mangapi. Akaniambia, "Mpaka wakome kuja, mzee."

Halafu tazama matangi ya waosha magari. Tangi la lita 10,000 likijaa ni tani kumi za maji, na linakalia mita mraba zisizozidi sita. Piga hesabu mwenyewe: ni zaidi ya mara sita ya kile slabu ilichochorewa. Kisha maji yenyewe yanamwagwa hapo hapo kutwa nzima, yanatafuta ufa.

Slabu iliyochoka haianguki kwa kulegea polepole kama kitanda cha kamba. Pale Wolverhampton, Uingereza, usiku wa Machi 20, 1997, nguzo zilitoboa slabu kama kijiti kinavyotoboa chapati, na kipande cha tani 120 kikashuka. Maegesho yale yalikuwa na miaka 32 tu. Hakuna aliyeumia kwa sababu ilikuwa saa tisa usiku. Ingekuwa saa tisa mchana!

Baada ya jengo la kupanga la Huruma, Nairobi, kuanguka Aprili 2016 na kuua takriban watu 50, tulizoea kuona nyumba za kupanga zikichorwa alama nyekundu ya X. Maegesho hayakuingia akilini mwa mtu, kwa kuwa hakuna anayelala humo. Lakini chini yake watu wanauza betri na kunywa chai. Nasi tunaishi ndani ya Bonde la Ufa; tetemeko kubwa zaidi kurekodiwa Kenya, la Januari 6, 1928, lilipiga Subukia, hapo nyuma yetu tu.

Ninachoomba kaunti ifanye hakihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Gari lisilolipiwa maegesho barabarani hufungwa mnyororo kabla chai haijapoa, kwa hiyo watu wa kuzunguka mjini tunao. Kila jengo linalotoza pesa kuweka magari orofani libandike mlangoni, kwa maandishi makubwa: idadi ya magari kwa kila orofa, uzito wa mwisho wa gari, tarehe ya ukaguzi na jina la mhandisi aliyekagua. Jina likiwa hadharani, mhandisi atafikiri mara mbili kabla ya kutia sahihi. Matangi na uoshaji wa magari vishushwe chini wiki hii hii.

Mimi Probox nimeihamishia uwanja wa wazi. Inachomwa na jua na vumbi la mji huu mnalijua. Jengo ninalolisema sitalitaja gazetini, lakini mkaguzi yeyote akitaka kuliona nitampeleka mwenyewe. Kutoka stendi ya matatu ni mwendo wa dakika kumi.

Foromani mstaafu,
Shabab, Nakuru