Mbungo tunaufyeka kwa kuwa ni kamba

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye safu ya barua. Mimi ni mama muuza juisi hapa Lindi mjini, na juisi inayonilipia ada za watoto ni ya mabungo. Ya ukwaju ninayo, ya ubuyu ninayo, lakini mteja akitokea juani na jasho lake, anauliza bungo.

Kwa asiyelijua, bungo ni tunda la ganda gumu, likiiva lina rangi ya chungwa. Ukilipasua unakuta kokwa zimevikwa nyama laini ya njano, chachu lakini tamu. Nazitia majini, nazivuruga kwa mwiko mpaka nyama iachie, nachuja, naongeza sukari. Shida ni ule utomvu mweupe. Ukishakunata mikononi sabuni haifui dafu, ni kupaka mafuta ya kupikia na kusugua hasa.

Mabungo yangu hutoka Rondo, uwanda wa juu wa huku kwetu Lindi, huletwa na shemeji yangu kwa pikipiki. Zamani safari moja ilikuwa viroba vitatu. Msimu uliopita kaleta kimoja, nacho hakikujaa, akaniambia, "Shemeji, mibungo imekwisha." Nikamuuliza nani kaimaliza. Akacheka tu, maana mwaka huohuo alikuwa amefungua shamba jipya la ufuta.

Simlaumu sana. Ufuta una mnada, fedha zinaingia kwa mkupuo. Bungo mnada wake ni mimi na ndoo zangu. Kinachoniuma ni namna tunavyofyeka. Mkwaju mtu anauacha katikati ya shamba apate kivuli, mbuyu hata hausogelei. Mbungo hausimami wenyewe. Ni kamba, hupanda juu ya mti mwingine na kuzaa hukohuko juu, na mwenye panga akiona kamba anaona uchafu. Hata akiukwepa, siku akiuangusha mti wa mkongo ulioubeba, mbungo nao uko chini. Ndiyo maana nasema kuusamehe mbungo bila mti wake ni kazi bure.

Marehemu bibi alikuwa akisimulia kuwa enzi za Mjerumani kamba nyingine ya jamii hiyohiyo, mtoria, ilikuwa mali. Watu waliingia porini kugema utomvu wake, ukawa mpira, ukapakiwa melini hapahapa Lindi. Vitoria navyo tulivila sana utotoni, vidogo kuliko bungo. Sokoni sijaviona siku nyingi.

Ombi langu kwa viongozi wa vijiji vya huko juu: kwenye kikao cha kabla ya kufyeka, mbungo utajwe kwa jina, pamoja na mti unaoubeba. Mwenye shamba aache japo kichaka kimoja mpakani. Nyani na ngedere watakula, najua, lakini ndio hao wanaotusambazia mbegu, wala hawadai posho.

Mimi nimeanza. Nimeotesha kokwa sita kwenye makopo nyuma ya jiko, zimeota nne. Shemeji kakubali kuchukua miche miwili akaipande chini ya mkwaju wake. Iliyobaki nataka niipandishe kwenye mwembe wa hapa uani, ila mwembe ni wa mwenye nyumba, na bado sijamwambia.

Mama muuza juisi,
Lindi mjini