Anayeanza besi afundishwe besi, asiachiwe tu

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa maoni niseme jambo kuhusu namna tunavyowafundisha, au niseme kwa ukweli zaidi, namna tunavyoacha kuwafundisha, watu wanaoanza kupiga gitaa la besi. Mimi ni mwanakwaya wa sauti ya nne, ile nzito ya chini, kwa miaka mingi, na nilishika gitaa hilo kwa mara ya kwanza nikiwa na umri wa miaka 47. Sasa niko katika mwaka wa pili wa kujifunza, na naandika mapema hivi kwa makusudi, kwa sababu aliyekwisha kuwa fundi husahau haraka mambo yaliyomtesa alipokuwa mwanagenzi.

Katika kwaya na bendi nyingi za mitaani, besi hupewa mtu aliyeshindwa na gitaa la solo. Ndivyo ilivyokuwa kwangu. Siku nilipoomba kufundishwa gitaa, mwalimu aliyekuwa akituongoza aliviangalia vidole vyangu, akaniambia kwamba solo sitaiweza, nishike besi kwa kuwa ina nyuzi nne tu. Baada ya hapo niliachwa pembeni kwa miezi minne bila kuonyeshwa hata mahali pa kuweka kidole gumba, huku vijana wa solo wakielekezwa kila Jumamosi. Sina kinyongo naye, maana naamini naye alifundishwa hivyohivyo. Lakini neno lile "nne tu" ndilo linalowakatisha tamaa wengi, kwa sababu linamfanya mwanafunzi aone aibu ya kushindwa na kitu alichoambiwa ni rahisi.

Si rahisi, na kipimo chenyewe kinaonyesha. Katika gitaa la kawaida, sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa sentimita 65 hivi. Katika besi iliyozoeleka ni sentimita 86. Kwa hiyo freti, yaani vile vipande vya chuma vilivyopangwa shingoni, zimeachana zaidi. Umbali kutoka freti ya kwanza hadi ya nne ni karibu sentimita 13 kwenye besi, wakati kwenye gitaa la kawaida haufiki 10. Mtu akilazimishwa kutandaza vidole vinne juu ya freti nne, kila kidole na yake, kama afanyavyo mpiga solo, mkono wake utauma hadi kwenye kiwiko, na nyuzi zenyewe ni nene na nzito kubana. Mimi niliumia hivyo nikadhani umri umenipita. Aliyeniokoa ni mzee mmoja aliyewahi kupiga muziki wa dansi, ambaye alinionyesha kwamba kule chini shingoni hutumika kidole cha shahada, cha kati na kidole kidogo kwa freti tatu, na kile cha pete humsaidia mdogo wake kubana. Alinionyesha pia kubana uzi karibu kabisa na chuma cha freti, kwa nyuma yake kidogo, ambapo nguvu inayohitajika ni ndogo sana. Somo hilo lilichukua dakika kumi, na mimi nilikuwa nimelikosa kwa miezi minne.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyenitajia ni kunyamazisha. Nyuzi za besi hazitulii zenyewe. Ukipiga mmoja, jirani yake huanza kunguruma, na ukumbi unajaa ukungu wa sauti ambao waimbaji huulalamikia bila kujua umetoka wapi. Nusu ya kazi ya mpiga besi, kwa maoni yangu, ni kuzuia nyuzi asizozihitaji, kwa kidole gumba cha kulia kinachoegemea uzi wa juu na kwa vidole vya kushoto vinavyolala juu ya nyingine bila kubana. Kuhusu mkono wa kulia wenyewe, wengi hufundisha kupokezana shahada na cha kati, nami nafanya hivyo, ila ningewaomba walimu wasiligeuze kuwa sheria: James Jamerson, aliyepiga besi katika nyimbo nyingi sana zilizorekodiwa na kampuni ya santuri ya Motown kule Detroit, Marekani, alitumia kidole kimoja tu cha shahada.

Sasa nije kwenye jambo ninaloliona kuwa kubwa kuliko yote, nalo ni kusikia. Uzi mnene wa besi, ule wa E, ukipigwa wazi hutetemeka mara 41 hivi kwa sekunde, na ule mwembamba wa G mara 98. Spika ndogo iliyo ndani ya simu haina ukubwa wa kusukuma hewa kwa mitetemo ya chini kiasi hicho. Inachotoa ni vivuli vya juu vya sauti hiyo, na mara nyingine haitoi chochote. Vijana wetu wengi leo wanasikiliza muziki kwa simu iliyowekwa mezani, na kwa hiyo wamekua wakisikia nyimbo ambazo besi imeondolewa bila wao kujua. Kijana huyo akiambiwa apige besi ya wimbo anaoupenda, anakuwa kama mtu aliyeambiwa aige sauti ya mtu ambaye hajawahi kumsikia. Mimi mwenyewe nilirudia wimbo mmoja zaidi ya mara 30 kwenye simu nikitafuta mstari wa besi, nikakata tamaa. Kisha nikavaa spika za masikioni na mstari ukawa mbele yangu, wazi kama mtu anayezungumza. Ndiyo maana nasema somo la kwanza la besi lisiwe la vidole kabisa. Mwanafunzi akalishwe mbele ya spika kubwa, au apewe za masikioni, aambiwe aimbe kwa mdomo kile anachosikia chini, kabla hajakabidhiwa chombo.

Hapa ndipo sisi wanakwaya tuna hazina ambayo hatuitumii. Mtu aliyeimba sauti ya nne kwa do, re, mi anaijua tayari kazi ya besi, ambayo ni kukaa chini ya kodi, yaani noti kadhaa zinazosikika pamoja, na kuwaambia wenzake nyumbani ni wapi. Nyimbo nyingi tunazoimba zinasimama juu ya nguzo tatu, do, fa na so. Katika ufunguo wa C, do inapatikana freti ya tatu ya uzi wa A, so iko freti ya tatu ya uzi wa E ulio juu yake, na fa iko freti ya tatu ya uzi wa D ulio chini ya ule wa A. Noti zote tatu ziko kwenye freti moja, katika nyuzi tatu zinazofuatana, na mkono hauhitaji kuhama. Siku niliyogundua hilo, nilisindikiza tenzi nzima kwa kidole kimoja cha kushoto. Zaidi ya hapo, umbo hilo halibadiliki: ukihamisha mkono wote hadi freti ya tano umeingia ufunguo wa D, kwa sababu kila freti hupandisha sauti ya nyuzi zote kwa kiasi kilekile. Mwalimu anayejua solfa anaweza kumfikisha mwanakwaya wa sauti ya nne hapo ndani ya Jumamosi moja.

Yapo pia mazoezi ya mapigo, ambayo hayafurahishi na hayana mbadala. Nashauri anayeanza afanye mazoezi na mpiga dramu kabla ya kufanya na mpiga solo, asikilize ile dramu kubwa ya mguu, na ajifunze kuangusha noti yake pamoja nayo kwa mapigo 60 kwa dakika, mwendo ambao ni wa polepole kiasi cha kuumbua kila kosa. Wapenzi wa muziki wa dansi wanajua wimbo unapofika kwenye chemko, ile sehemu inayochangamka, jinsi uwanja unavyojaa. Mpiga besi asiyejua kutulia hukimbilia mbele hapo, na wachezaji hupotea miguu.

Ombi langu kwa viongozi wa kwaya na bendi ni dogo na halina gharama. Mruhusuni anayeanza besi kutumia amplifaya siku za mazoezi. Kuna makanisa na kumbi ambako chombo hicho hufungiwa hadi siku ya ibada au onyesho, naye anafanya mazoezi bila umeme, anazoea kukwangua nyuzi kwa nguvu ili ajisikie, kisha siku ya watu anaunganishwa na sauti inawalipukia waumini. Halafu yeye ndiye anayelaumiwa.

Na kwako, Mhariri, ninalo ombi pia. Kurasa za burudani za magazeti yetu, na watangazaji wa redio vilevile, huwataja waimbaji na wapiga solo, na mara chache sana humtaja aliyepiga besi. Wapenzi wa rumba wote wanamjua Franco, lakini ni wangapi kati yao wanaoweza kumtaja Mpudi Decca, aliyepiga besi katika bendi yake ya TPOK Jazz? Hata Jamerson niliyemtaja alipiga kwa miaka mingi bila jina lake kuandikwa kwenye majalada ya santuri, hadi ilipotoka ile ya mwimbaji Marvin Gaye ya mwaka 1971. Nakuomba, mwandishi wako anapoandika habari za onyesho au za wimbo mpya, aulize na kuandika jina la mpiga besi, kama anavyoandika la mwimbaji. Kijana aliyeketi nyumbani na nyuzi zake nne anahitaji kuona kwamba kuna watu wazima walioichagua kazi hiyo na wakaheshimiwa kwayo, ili Jumamosi akiulizwa na mwalimu anataka kufundishwa nini, aitaje besi yeye mwenyewe.

Wako msomaji,
Mpiga besi mwanagenzi,
Tabata, Dar es Salaam.