Msanii asibanwe ajitangaze

Mhariri,

Ripoti yenu kuhusu mashabiki waliogawanyika baada ya mwimbaji wa pop kubadili mwonekano na kusema wazi anavutiwa na nani imeacha jambo moja: nani aliuliza? Mwaka 2000 mtangazaji wa Marekani Barbara Walters alimbana mwimbaji Ricky Martin kwa swali hilo la anavutiwa na nani, kwenye televisheni. Martin alijitangaza kwa hiari kuwa anavutiwa na wanaume Machi 2010, kupitia tovuti yake, na Walters mwenyewe akaja kulijutia swali lile.

Ghadhabu nyingi huzaliwa kwenye kichwa cha habari. Jibu refu hukatwa, swali hufichwa, na shabiki anayesoma kwa simu huamini msanii kajianika ili auze albamu. Inaumiza, na si haki. Chapisheni swali na jibu pamoja, tena wekeni kiungo cha mahojiano kamili juu kabisa, si mwishoni.

Shabiki wa muziki