Kwa Salimu, kuhusu kikosi kinachonizuia

Kajjansi, Uganda
Jumapili jioni

Salimu, sahibu yangu,

Assalamu alaykum. Natumaini barua hii itakukuta u mzima, wewe pamoja na shemeji na watoto. Sisi huku hatujambo, ila miguu inaniuma kiasi kwamba leo asubuhi nimeteremka ngazi kinyumenyume, na binti yangu mdogo, akidhani ni mchezo, akaniiga hadi chini.

Katika barua yako uliniuliza swali ambalo nimekaa nalo wiki mbili: kwa nini mtu aliyekimbia peke yake kwa miaka minane, alfajiri, bila kumwambia yeyote, sasa ajifunge na kundi la watu 14 kwa ajili ya triathloni, yaani mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia mfululizo, ambayo siku ya siku kila mmoja ataimaliza kwa pumzi zake mwenyewe. Nilikuwa na jibu jepesi, kwamba wenzangu hunitia moyo. Nilipolitafakari nikaona nitakuwa nimekudanganya. Hawanitii moyo sana. Kazi yao kubwa tangu mwezi wa Machi imekuwa kunizuia.

Nianze na maji, maana ndiko nilikoaibika zaidi. Wewe ni mtoto wa Tanga, uliogelea kabla ya kujua kwamba kuogelea hufundishwa. Mimi nimekulia Jinja, ziwa nikiliona kila siku nikienda shule, na sikuwahi kuingia zaidi ya magoti. Wazazi walitukataza, wala hawakukosea, kwa kuwa fukwe za Ziwa Viktoria zina kichocho: vijidudu vinavyotoka kwa konokono wa kwenye majani ya kando ya maji hupenya ngozi ya mtu bila mwenyewe kuhisi. Hivyo nilifika bwawani nikiwa na miaka 37 na miwani mipya ya kuogelea, nikiamini kwamba mapafu ya mkimbiaji yatanibeba. Nilipiga maji kwa nguvu zangu zote, nikafika mita 15, nikashika ukingo nikihema hadi mlinzi wa bwawa akainuka kitini.

Kocha hakucheka. Aliniambia nisiogelee tena kwa wiki tatu. Kazi yangu ikawa kusimama maji yakiwa kifuani, kuzamisha uso, kupuliza mapovu polepole, kugeuza kichwa na kuvuta hewa, kisha kulala juu ya maji bila kufanya lolote. Mwenzetu mmoja ambaye ni muuguzi, aliyeanza mwaka mmoja kabla yangu, alisimama kando yangu akihesabu kwa sauti, na kila nilipojaribu kuiba mikono miwili mitatu ya kuogelea alinikamata kifundo cha mguu akanirudisha mahali pangu. Nilikasirika, sikufichi. Lakini kama ningekuwa peke yangu ningekuwa napigana na maji hadi leo, kwa sababu mkimbiaji amezoea kwamba akiongeza juhudi mwendo nao huongezeka, ilhali majini anayeongeza juhudi kabla ya kupata mtindo huongeza povu tu, miguu ikazama, na mwili mzima ukayakinga maji yale yale anayotaka kuyapita. Sasa namaliza mita 750, yaani marefu 30 ya bwawa letu, bila kusimama. Najua wewe ungezimaliza huku ukipiga soga.

Mita hizo 750 ndizo za mashindano yetu, zikifuatwa na kilomita 20 za baiskeli na 5 za kukimbia, nusu kamili ya masafa ya Olimpiki, ambako mchezo huu uliingia Sydney mwaka 2000. Uliuliza pia ulianzia wapi. Ulianza kwa jina hilo mjini San Diego, Marekani, mwaka 1974, katika klabu ya wakimbiaji waliotaka mazoezi tofauti na yale ya kuzunguka uwanja, kwa hiyo najiona nina ukoo nao. Majirani zangu hawaoni hivyo. Huku ukionekana na viatu vya kukimbia watu watakutajia wanariadha wetu, Kiprotich na marathoni ya Olimpiki ya London ya 2012, au Cheptegei na dhahabu zake za Tokyo na Paris. Ukionekana na miwani ya kuogelea wanakuuliza kama kuna mtu amezama.

Kwenye baiskeli nilidhani nimepata pa kupumua. Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi tunaondoka Kajjansi kwa barabara ya zamani ya Entebbe, kabla matatu na bodaboda hazijaijaza, tukiwa katika mstari mmoja, wa mbele akikata upepo na kuonyesha mashimo kwa mkono. Sharti ni kwamba wa mbele asizidi mwendo ambao wa mwisho anaweza kuzungumza. Wiki ya kwanza nilichoka na adabu hiyo, nikachomoka kwenye mwinuko wa karibu na Kisubi, na hakuna aliyenifuata. Niliwasubiri Entebbe kwa dakika tisa nikijiona simba, na wakati wa kurudi misuli ya paja ikanikaza, nikashuka na kuisukuma baiskeli, nao wakanipita taratibu wakizungumzia bei ya saruji. (Ajabu ni kwamba siku ya mashindano sheria zinatukataza sisi wa ridhaa kujificha upepo nyuma ya mwenzetu, kwa hiyo mstari tunaoujenga kila Jumamosi tutauvunja siku hiyo hiyo.)

Kilichonishangaza kuliko vyote ni kukimbia mara tu baada ya kushuka kwenye baiskeli. Miguu haiwi ya mtu. Nilihisi natambaa, nikajilazimisha, kumbe saa inaonyesha dakika 4 na sekunde 20 kwa kilomita, mwendo ambao siuwezi hata nikiwa nimelala vizuri. Miguu ilikuwa bado inafuata mzunguko wa kanyagio na mimi sikuwa na habari. Katika kilomita ya pili nilitembea. Tangu siku hiyo fundi simu mmoja wa kundi letu, mnene kunizidi na mwenye subira ya mvuvi, hukimbia mbele yangu kilomita ya kwanza yote, na nimepigwa marufuku kumpita. Tukimaliza hunilipisha kikomando, chapati na maharage kwa wote wawili, na husema ndiyo ada yake ya shule.

Mwezi uliopita tulikwenda Ziwa Bunyonyi siku tatu ili tuzoee maji yasiyo na ukingo, kwa sababu lile linajulikana kuwa halina kichocho. Ni zuri mno, Salimu, vilima vimelizunguka vikiwa na mashamba ya ngazi, lakini liko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari na pumzi huisha mapema. Maji ni meusi, hakuna mstari wa vigae wa kukuongoza chini, na kila baada ya mikono minane inabidi uinue macho kulitafuta boya. Mita kama 200 kutoka ufukweni nilikumbuka kina kilichokuwa chini yangu, nikasahau yote. Muuguzi alinigeuza chali, mtumbwi wa wenyeji ukasogea, naye akaanza kuhesabu kwa sauti ile ile ya bwawani. Alipofika 40 nikageuka nikaendelea.

Mashindano yenyewe yatakuwa Ziwa Viktoria, na hata hapo muuguzi amenizuia. Nilitaka kumeza dawa ya kichocho siku moja kabla, niingie majini nikiwa na kinga. Akaniambia prazikwanteli si kinga; huua minyoo iliyokwisha komaa, na michanga huiponyoka, kwa hiyo nisubiri wiki sita hadi nane baada ya mashindano ndipo niende zahanati. Nimeiandika tarehe hiyo ukutani, chini ya tarehe ya mashindano.

Zimebaki wiki tano. Kuna jambo moja ambalo hapa hakuna wa kunieleza vizuri, kwa kuwa wote tumejifunzia bwawani. Upepo wa ziwa huku huvuma mchana na kuleta mawimbi madogo ya upande. Kocha anataka nivute hewa pande zote mbili, lakini upande wa kushoto ndiko wimbi linakotokea, na kila nikigeukia huko nakunywa ziwa. Ninyi wa baharini mnafanyaje: mnaliacha wimbi lipite kwanza, au mnageuza kichwa mbali zaidi? Niandikie kabla ya mwisho wa mwezi, hata iwe mistari mitatu.

Nisalimie wote nyumbani.

Ndimi rafiki yako,
Idi