Barua ya wazi kwa Waziri wa Usalama wa Ndani: mtoto asiyejulikana kwao msimwandikie nchi ya kubahatisha

Mheshimiwa Waziri,

Pokea salamu kutoka Kakuma. Mimi ni mwalimu mstaafu, nimefundisha shule za msingi huku Turkana miaka mingi, mingine nikiwa ndani ya kambi ya wakimbizi kabisa, na hii barua nimeanza kuiandika mara tatu nikaacha kwa sababu kila nikifika katikati nashindwa kusema bila kulia. Leo nimeamua niiandike tu hivyo hivyo, ikitoka imepinda utanisamehe.

Nataka nikuambie habari ya mtoto mmoja. Jina lake sitataja, ni mtoto, na ana haki asianikwe kwa watu. Alikuja 2017, vita vya Sudan Kusini vikiwa vimechacha, akashuka kwenye lori pale Nadapal mpakani na mama mmoja ambaye alisema wazi kabisa huyu si wangu, nimemkuta njiani na kundi la watu, hao watu sikuwaona tena, nikambeba kwa sababu angekufa. Alikuwa wa miaka mitatu hivi, labda minne, ukimuuliza jina anataja jina moja tu la utotoni, ukimuuliza mama yuko wapi anaonyesha barabara. Huyo mama aliyembeba akakaa siku chache akaondoka, hatujui alielekea wapi. Basi siku ya kuandikishwa karani akaangalia lori limetoka upande gani, akaandika: Sudan Kusini.

Kwa neno hilo moja mtoto akapewa nchi, na hiyo nchi haimjui. Hakuna baba wa kumtaja wala babu, hakuna kijiji, hakuna mtu wa ukoo wa kusimama ashuhudie, na bila hao hawezi kupewa karatasi yoyote ya uraia kule. Huku Kenya nako anaambiwa wewe si wa kwetu, faili yako inasema Sudan Kusini. Huyo ndiye mtu asiye na nchi Mheshimiwa, mtoto kabisa, anacheza mchezo wa kati na wenzake kwenye mchanga wa lagga ya Tarach, ule mto mkavu.

Sijaandika kulaumu tu. Nimeona kazi ambayo serikali imefanya na ningekuwa mwongo nikinyamaza. Niliwaona Wamakonde, waliokuwa hawana uraia wa nchi yoyote, wakitembea kutoka Pwani hadi Nairobi 2016 kudai vitambulisho, na wakapewa. Washona wakafuata 2020, halafu Wapemba wa Kwale na Kilifi 2023, watu waliozaliwa hapa na wazazi wao wakazaliwa hapa, walikuwa wanavua samaki wetu na hawakuweza kusajili hata laini ya simu. Sheria ya Watoto ya 2022 ni nzuri, nimeisoma na miwani yangu kurasa kwa kurasa, imetambua hata kafala, kwamba familia ya Kiislamu ichukue mtoto imlee bila kumbadilisha ukoo wake, na hilo ni jambo kubwa sana kwa ndugu zetu Wasomali wa Dadaab. Kuna mkakati wa 2022 hadi 2032 wa kuwatoa watoto kwenye makao ya watoto warudi kulelewa kwenye familia. Na kuna Mpango wa Shirika wa kuwaunganisha wakimbizi na wenyeji, mliouzindua Machi 2025, na mimi jina lenyewe nalipenda, shirika, yaani kula sahani moja.

Lakini hebu angalia mtoto wangu huyu anaingilia wapi kwenye hayo yote. Ile sheria ya uraia ya 2011 iliyofungulia Wamakonde mlango inasema mtu asiye na nchi awe ameishi Kenya tangu tarehe 12 Desemba 1963. Sasa mtoto wa 2017 atasema nini? Mkakati wa familia nao ukiuliza unaambiwa huyo ni mkimbizi, nenda ofisi ya wakimbizi. Ofisi ya wakimbizi ukiuliza wanakuambia huyo ni mtoto, nenda ofisi ya watoto. Nimepanda bodaboda kati ya ofisi na ofisi mpaka mwenye boda akaanza kunibeba bure, na sisemi ni ofisi gani kwa sababu waliokaa pale ni vijana wazuri, wengine niliwafundisha, wamefungwa mikono tu na fomu isiyo na nafasi ya mtoto kama huyu.

Na dawa ipo kwenye Katiba yetu wenyewe! Kifungu cha 14(4) kinasema mtoto akipatikana Kenya, anaonekana hajafika miaka minane, na uraia wake na wazazi wake hawajulikani, basi achukuliwe kuwa raia kwa kuzaliwa. Soma tena Mheshimiwa. Haikusema awe ametupwa Kisumu au Nairobi, haikusema kambi isihesabiwe, na haikusema awe na rangi fulani au lugha fulani. Huku kwetu hicho kifungu watu wanadhani ni cha watoto wachanga wanaookotwa kwenye mitaro ya mjini, na karani wa kambini hajawahi kuambiwa kwamba kinaweza kumhusu mtoto aliyesimama mbele ya meza yake.

Wakili mmoja nilimuuliza akaniambia, mwalimu, neno "kupatikana Kenya" litabishaniwa, watasema mtoto alivuka mpaka akiwa ameshikwa mkono na mtu. Sawa, libishaniwe, lakini libishaniwe kortini mbele ya hakimu wa watoto mtoto akiwa na mtu wa kumsemea, siyo limalizwe kwa dakika mbili na karani aliyeangalia lori limetoka wapi. Maana mara tu karani akiandika jina la nchi pale, kile kifungu kinakufa. Sharti lake ni uraia usijulikane, na sasa karatasi inasema unajulikana, hata kama kila mtu aliyekuwepo siku hiyo anajua ni kubahatisha.

Hapo ndipo ombi langu lilipo Mheshimiwa, mengine yote yakikushinda nishikie hili moja. Kazi ya kuwaandikisha wakimbizi sasa iko mikononi mwa serikali, kwa hivyo ni neno lako tu. Mtoto mdogo akija bila mzazi na hakuna mtu anayejua kwao kwa uhakika, andikeni haijulikani. Na iwe ndiyo mwanzo wa kazi, yaani siku hiyo hiyo jina lake liende kwa afisa wa watoto, achukuliwe maneno yake, nyimbo anazojua, lugha anayolilia usiku, jina la dereva, yule mama aliyembeba aulizwe kila kitu kabla hajaondoka. Mwaka ukipita hayo yote yamepotea. Sheria inaangalia umri aliokuwa nao alipopatikana, sawa, lakini leo huyu mtoto ni mrefu ananifika begani, nani ataamini kwa macho kwamba alikuja hajafika miaka minane kama siku ile hakuna aliyepima wala kuandika vizuri?

Wapo wengine ambao hadithi yao si kama hii, usije ukadhani wote nawaweka kapu moja. Kuna watoto ambao baba ni wa Sudan ya kaskazini na mama wa kusini, nchi ilipogawanyika Julai 2011 na Khartoum ikabadilisha sheria mwaka huo huo, mtu akihesabiwa wa kusini anapoteza uraia wa kaskazini moja kwa moja, sasa mtoto anarushwa huku na huku. Hao wanahitaji mtu wa kukaa na balozi mbili mezani. Na wapo waliozaliwa hapa hapa Kakuma, wana cheti cha kuzaliwa cha Kenya, na wazazi wanakifunga kwenye nailoni wakidhani ni uraia. Si uraia, kinasema tu ulizaliwa wapi, na nimechoka kuwa mimi ndiye wa kuwaambia.

Sasa nije kwa familia. Watu wa Nairobi wakisikia mtoto wa kambi hana mtu wanafikiria kituo cha watoto, vitanda kwa safu na wageni wakija kupiga picha. Huyu mtoto ana familia. Mama mmoja Mkongomani kutoka upande wa Uvira alimchukua wiki ile ile, wakati huo alikuwa na watoto wake wanne, akasema wa tano hatakula zaidi ya wanne. Ndiyo maana huyu mtoto leo anaongea Kiswahili cha Kongo mpaka Waturkana wenzake wanacheka, na Kiturkana anaongea pia, Kiarabu cha Juba alichokuja nacho kimebaki maneno machache, maji, njoo, na lile jina. Chakula cha mgao kimekatwa mara ngapi hii miaka, na huyu mama hajawahi kupunguza sahani ya mtoto.

Lakini hakuna karatasi ya korti inayosema huyu mama ndiye mlezi. Ipo ya kambi tu, anatambuliwa hapa, akitoka nje ya Kakuma hana nguvu yoyote. Alipoitwa intavyu ya kwenda Marekani na watoto wake, faili ya huyu mtoto haikuwa pamoja na yao, akaambiwa yake ina taratibu zake, itafuata. Akakataa kwenda mbele bila yeye. Akasubiri, tukasubiri, halafu Januari 2025 Marekani ikasimamisha mpango wote wa wakimbizi na mlango ukafungwa kwa wote sita. Nilikaa naye ile jioni. Hakujuta hata kidogo, na mimi mpaka leo nikikumbuka nasikia uchungu kwamba mtu mwema hivyo amelipishwa kwa sababu ya karatasi moja ambayo hakimu angeiandika asubuhi moja tu.

Kambi hii ilianza 1992 na watoto, usisahau hilo Mheshimiwa. Wale vijana wa Sudan waliotembea kutoka Ethiopia baada ya serikali ya Mengistu kuanguka, maelfu, wengi hawana baba wala mama, ndio waliokuja kulala chini ya hii miti. Wakalelewa na wanawake wa jamii zao, wakagawana uji. Kwa hivyo Kakuma inajua kulea mtoto wa mtu mwingine tangu siku ya kwanza, hatuhitaji kufundishwa, tunachohitaji ni serikali itambue hao walezi kisheria. Kwanza ndugu wa damu watafutwe, Msalaba Mwekundu wanafanya hiyo kazi na wameshaunganisha wengi, wasikatizwe na mtu yeyote mwenye haraka ya kuasili. Akikosekana ndugu, mlezi anayemlea tayari apewe amri ya korti. Na ikifika mahali Mkenya anataka kumchukua kabisa awe mwanawe, kifungu cha 15(3) cha Katiba kinasema mtoto asiye raia akiasiliwa na raia ana haki ya kuomba asajiliwe kuwa raia, basi hiyo njia nayo iwe wazi kwa mtoto wa kambini kama ilivyo kwa wa Nakuru.

Kakuma tuna korti. Siyo mbali, ni mwendo wa miguu kwa wengi wetu. Ongea na mwenzako wa wizara inayoshughulikia watoto, mkae na Mahakama, mpange hata siku moja kwa mwezi ya hizi kesi za watoto wasiojulikana kwao, afisa wa watoto na wa wakimbizi wakae kwenye benchi moja wasitupeleke huku na huku tena. Walimu wastaafu tuko wengi, tutakuja kutoa ushahidi bila posho, sisi ndio tuliowapokea darasani tukawaandika kwenye rejista na tarehe, mimi daftari zangu ninazo mpaka sasa kwenye sanduku.

Wiki jana nilimsaidia kujaza fomu ya shule, yuko gredi ya sita. Alipofika kwenye uraia akaandika kwa penseli na kufuta, akaandika na kufuta, mpaka karatasi ikatoboka. Nilimwambia aache wazi. Hiyo fomu nimeiweka kwenye lile sanduku pamoja na rejista ya 2017, siku ikipangwa tu tutakuwa mlangoni pa korti saa mbili asubuhi, mimi, mama yake na yeye.

Wako,
Mwalimu mstaafu, Kakuma