Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Jiji la Dodoma: tuiache ardhi inywe

Ndugu Mkurugenzi,

Nakuandikia kutoka Nkuhungu, mwezi wa kumi, vumbi limetanda na boza limetoka kupita mtaani sasa hivi. Februari maji kama hayo tulikuwa tukiyafukuza sebuleni kwa ndoo.

Mvua yetu ya mwaka haizidi sana milimita 600, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, tena kwa hasira: radi, saa moja ya mafuriko, kisha jua. Paa la mita za mraba 100 likipata milimita 20 tu, linamwaga lita 2,000. Tangu Serikali ianze kuhamia huku mwaka 2016, hesabu mabati, lami na nyua zilizosakafiwa pevingi. Maji yote hayo yanakokota udongo, oili za gereji na mifuko hadi makorongoni, na makorongo yanashusha tope Bwawa la Hombolo, la mwaka 1957, ambalo limepoteza sehemu ya kina chake kwa namna hiyo.

Mitaro siipingi. Ila mtaro unahamisha maji, haupunguzi. Ukinijengea mimi, wa bondeni ndiye anayepokea mzigo.

Ninachoomba ni bustani za mvua. Jina linasikika la kitajiri, lakini ni kibonde tu cha sentimita 15 hadi 20, kilichochimbwa makusudi kwenye njia ya maji, udongo wake ukichanganywa na mchanga na mboji, kikapandwa majani ya mizizi mirefu yanayostahimili mafuriko ya siku moja na kiangazi cha miezi saba. Tope linatua humo, oili inanaswa na udongo na vijidudu vya mizizini, maji yanazama. Yakizidi, yanatokea kwenye mlango wa mawe kwenda mtaroni. Kaunti ya Prince George's, huko Maryland, Marekani, ilianza kuzitumia mitaani miaka ya 1990. Mkulima wa Kongwa anayechimba makinga maji ya nusu mwezi shambani atacheka ukimwambia ni jambo geni.

Utaulizwa kuhusu mbu. Kibonde kilichochimbwa vizuri hukauka ndani ya siku mbili, na mbu anahitaji kama wiki hivi kutoka yai hadi kuruka. Penye udongo mweusi wa mbuga kisichimbwe, maji hayatazama. Kujua, chimba shimo, lijaze maji, katazame kesho yake kama yamezama. Wala kisisogezwe karibu na msingi wa nyumba. Mita 3 zinatosha.

Visima vya Makutupora vinavyotunywesha hujazwa hasa na miaka ya mvua kubwa, kama ile ya El Nino ya 1997/98. Sisemi vibonde vya Nkuhungu vitaijaza Makutupora. Nasema mvua kubwa ndiyo akiba yetu, nasi tunaipokea kama balaa.

Kwa hiyo, anayeomba kibali cha ujenzi aonyeshe maji ya paa na ua wake yanaishia wapi ndani ya kiwanja chake. Na barabara zijazo, kingo zake ziachiwe matundu ili maji yaingie kwenye miti. Sasa hivi tunapanda miti juu ya tuta, tunaimwagilia kwa boza, na mvua inapita pembeni yake.

Uani kwangu pana nafasi ya mita 4 kwa 3. Kwa kina cha sentimita 15 ni lita 1,800, karibu maji yote ya lile paa. Nitumie mhandisi kabla ya Desemba, jembe ninalo.

Wako,
Mkazi wa Nkuhungu