Safari ya familia ipimwe kwa kibofu cha mtoto mdogo

Mhariri, habari za kazi. Mimi msomaji wenu wa siku nyingi huku Uyole, Mbeya, kuandika huwa siandiki, ila shule zinakaribia kufungwa mwezi huu wa sita na naona majirani wameanza kubadilisha oili na kuulizia bei za matairi, najua kabisa kuna wazazi wanataka kurudia kosa nililofanya mimi mwaka juzi, so naomba nafasi kidogo.

Kosa lenyewe hili hapa. Nilipata likizo ya siku kumi, gari ninayo, Noah ya mkononi lakini injini nzima, nikajisemea Dar ni kilomita mia nane na kitu, tukitoka saa kumi alfajiri usiku tunakula kwa shemeji Mbagala. Nikapakia watoto kama mtu anavyopakia viazi. Nina wanne: kifungua mimba binti, wakati ule alikuwa na miaka 13, wa pili wa kiume 9, wa tatu 5, na kitinda mimba mwaka mmoja na nusu, bado ananyonya. Sikumuuliza mtu kitu, mimi ndo dereva, mimi ndo mwenye ratiba.

Basi bwana, mteremko wa Inyala hata hatujaumaliza vizuri wa tatu kashatapika, tena kamtapikia kaka yake. Makambako mdogo analia, Mafinga analia, Ifunda kalala, nikasema hapa sasa ndo pa kukanyaga mafuta, si akaamka mwingine anataka kuchimba dawa. Nikamwambia subiri mbele kuna sheli. Tukafika sheli, choo kimefungwa kwa kufuli, kijana anasema ufunguo mpaka uweke mafuta, na tenki langu limejaa. Mtoto wa miaka 5 hajui habari za tenki, mzigo akaushushia kwenye siti. Mlima Kitonga tukakuta lori limekata upepo kwenye kona, foleni haiendi mbele wala nyuma, tumekaa masaa matatu na nusu juani na sweta zetu za Mbeya. Mbagala tulifika saa nane usiku, hakuna aliyekuwa anaongea na mwenzake. Kesho yake shemeji kamuuliza binti yangu njiani mmeona nini kizuri, akajibu, "Mamdogo, sisi tulikuwa tunatalii lami."

Ile kauli iliniuma mpaka nikakosa hamu ya kula, maana ni kweli. Tumepita Isimila kwenye zana za mawe za watu wa kale, tumepita njia panda ya kwenda Kalenga kwenye makumbusho ya Mkwawa, mtemi wa Wahehe, tumepita Lugalo ambako aliwapiga Wajerumani mwaka 1891, vitu ambavyo mtoto anavikariri darasani ili ajibu mtihani, halafu baba yake anampitisha hapohapo kwa spidi 100 amelala mdomo wazi.

Mwaka jana nikabadilisha. Na siri ni moja tu wazazi wenzangu, masaa ya kukaa kwenye gari yanapimwa kwa kibofu cha mtoto mdogo kuliko wote, siyo kwa uwezo wa dereva wala wa gari. Wa kwangu anaweza saa moja na nusu, hapo hajanywa juisi. Kwa hiyo tukachora ramani kwa vituo vya saa moja na nusu. Uyole mpaka Chimala, shuka, kimbia kimbia kidogo, kula chapati. Chimala mpaka Makambako, chai. Makambako mpaka Mafinga. Mafinga mpaka Iringa kwa bibi yao Kihesa, tukalala huko siku tatu, bibi na kamwene zake, salamu ya Kihehe, na maboga yake. Ndo Dar hatukwenda kabisa, tuliishia Mikumi, na hakuna aliyelalamika.

Ila hapo kwenye umri ndo penye kazi, maana kila mmoja anataka safari yake. Wa miaka miwili na nusu anataka kushuka aokote mawe. Wa 6 anataka tembo. Wa 10 anataka kujua kila kitu na kubishana. Wa 14 hataki kitu chochote zaidi ya simu, na tena yule alikuwa form two, shuleni kwao waliwabakisha masomo ya ziada ya mtihani wa taifa hivyo akapata wiki mbili tu za kupumzika, ukimlazimisha afurahi unaharibu. Mama watoto ndo akaja na akili, akasema kila mtoto achague kitu kimoja cha kwake na wengine wote wamvumilie. Binti tukamfanya mhasibu, hela ya vitafunwa na ya barabarani anashika yeye na anaandika kwenye daftari, jamani yule mtoto ni mbahili, nimenyimwa soda Mafinga na hela ni yangu. Wa pili kazi yake kuhesabu malori kwa namba, ya Zambia mangapi, ya Congo mangapi, ya Malawi mangapi, na kuangalia treni ya TAZARA. Nikamwambia reli hii Wachina walijenga na sisi na Wazambia, ikamalizika 1975, ni kilomita 1,860 mpaka Kapiri Mposhi, ila aangalie vizuri kabla ya Makambako kwa sababu pale reli inatuacha inaelekea Mlimba. Macho hayakubanduka dirishani. Treni yenyewe tuliiona moja, ya mizigo, alishangilia kama goli.

Isimila nilidhani nimewapelekea wakubwa tu, kumbe imewafaa wote wanne. Ni kama kilomita 20 kabla hujaingia Iringa ukitokea Mbeya, unaingia ndani kidogo. Wadogo wakawa wanazunguka kwenye zile nguzo za udongo ndefu zilizochongwa na maji na upepo (washike mkono, korongo ni korongo), wakubwa wakashika habari ya zana za mawe, mashoka ya watu wa kale yamejaa pale chini na yaligunduliwa mwaka 1951, na mwongozaji akawaambia kulikuwa na aina ya kiboko iliyokwisha kupotea duniani ambayo macho yake yalikuwa juu ya kichwa kabisa kama yanachungulia. Wa 6 mpaka leo akioga kwenye beseni anajifanya yule kiboko.

Kalenga nayo ina mambo yake. Ukishaonyesha mtoto fuvu la Mkwawa lazima ujipange. Wa pili alitaka historia, nikamwambia mzee alijipiga risasi 1898 asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa, kikarudishwa 1954. Wa tatu akauliza kwa sauti mbele za watu, "Baba, sasa mwili wake unajuaje kichwa kipo huku?" Watu wakacheka, mimi nilikosa jibu, bibi yao ndo akamjibu kwamba mwili umelala Mlambalasi na Mlambalasi siyo mbali, wanasikiana. Usiku akalala katikati yetu, lakini kalala.

Mbuga ya Ruaha tuliacha, na najua watu wa Iringa mtanirushia maneno. Ruaha ni nzuri na mwezi wa sita kiangazi ndo kinaanza wanyama wanasogelea mto, lakini kutoka Iringa mjini ni zaidi ya kilomita 100 kwenda tu, na ndani ya mbuga ni kukaa garini tena siku nzima na ndorobo juu. Mtoto wa miaka miwili haelewi hicho kitu. Mikumi lami inapita katikati ya hifadhi, twiga na swala wengine unawaona kabla hata hujafika getini, ukichoka unatoka. Mtoto chini ya miaka 5 halipi kiingilio, ila jua getini hawapokei keshi, usije ukafika na noti zako ukaanza kutafuta wakala wakati watoto wanaungua na jua. Ruaha tutaenda kitinda mimba akifika darasa la kwanza.

Na hifadhi ya Kitulo, ile ya maua, msidanganyike na picha. Wengi wanaenda likizo ya mwezi wa sita wakitegemea maua, wanakuta nyasi na baridi ya kupasua midomo. Maua ni kuanzia Desemba mpaka Aprili hivi, so Kitulo ni ya likizo ya Krismasi, na ujipange na matope. Kama mfuko hauruhusu kwenda mbali, sa hivi Mbeya tunavyotetemeka hivi shukeni Kyela, mkalale Matema ziwani, njiani kuna Daraja la Mungu pale Kiwira, watoto wataoga mpaka ngozi ijikunje.

Vitu vidogo vidogo: chandarua beba, watoto wetu wa milimani hawajazoea mbu, ukishuka Ruaha Mbuyuni, Mikumi au Kyela malaria haina mchezo. Nguo vaa kwa tabaka, unatoka Uyole na koti unafika chini ya Kitonga umebaki na singlendi. Kwa wanaotapika zamani tulikuwa na rambo, tangu 2019 rambo hakuna, sisi tunatembea na kopo la Blue Band lenye mfuniko, moja kwa kila anayetapika, na hatuwapi maziwa asubuhi. Usiku usiendeshe. Hilo silielezi, anayeijua barabara hii na malori yake anajua.

Sasa Mhariri, kilichonifanya nishike kalamu hasa ni vyoo. Wenye sheli na wenye hoteli za barabarani kuanzia Igawa mpaka Ruaha Mbuyuni, na ninyi halmashauri ambazo barabara inapita kwenu, tuwekeeni vyoo safi, tozeni hata mia tano, tutalipa na asante tutasema. Mabasi yameambiwa kuchimba dawa porini siyo ustaarabu, sawa, ila mtoto akibanwa unamwambia ashikilie mpaka wilaya gani? Tena mimi nina wa kiume watatu, mwenye mabinti hali yake ni nyingine kabisa, binti yangu yule mhasibu alikuwa hanywi maji njia nzima akiogopa vyoo, nilijua jioni kichwa kilipomuuma. Na vibao vya vivutio viwekwe vikubwa na mapema, cha Isimila mimi nilikiona nimeshakipita, nikageuza na lori la Wazambia nyuma linanipigia honi.

Mwaka huu tunaondoka Jumamosi shule zikifungwa tu. Mhasibu ni yuleyule, ameshanikata bajeti ya soda. Wa tatu kauliza kama tutapita Mlambalasi, anataka aone kama kweli wanasikiana.

Ni mimi baba wa wanne,
Uyole, Mbeya